Magita ya Kulea

Kwa miaka ishirini na tisa Ghorofa alisafiri kila siku na hakuwahi kufika popote. Utani huo ulikuwa wake mwenyewe, na kila mpangaji mpya wa ofisi aliusikia kabla hajasema anakwenda ghorofa ya ngapi. Alikuwa mwendesha lifti katika jengo la ghorofa tisa, lifti ya zamani yenye geti la vyuma la kuvuta kwa mkono, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Ndani mlikuwa na stuli yake, feni iliyokufa zamani, na kioo ambamo watu walijitengeneza nywele wakijifanya hawamwoni. Hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi. Mfungwa angalau hutolewa nje kuota jua.

Na jioni wala hakwenda mbali. Wenye jengo walimpa chumba na sebule juu kabisa, kwenye paa, ukuta mmoja na mashine inayovuta kamba za lifti. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona nguo za watu kwenye dirisha la sebule hiyo miaka yote, na kila mashine iliponguruma aliinua mguu kwenye pedali, maana kitambaa kilitetemeka na mshono ukaenda upogo. Alingoja itulie, kisha akaendelea. Watu wa ghorofa ya chini walipokuwa wavivu wa kupanda ngazi, yeye ndiye aliyechelewesha nguo ya mteja.

Kilichomweka Ghorofa hai ni besi. Si gita lile la kubembelezea wasichana. Gita la besi, lenye nyuzi nene, ambalo watu wakiwa wanacheza hawajui kwamba ndilo linalowachezesha. Alilipiga kwenye bendi kabla hajaoa, na baada ya kuoa akalipiga Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha saluni ya Kinyozi. Walikuwa watatu: yeye, Kinyozi, na Mwalimu, mama mmoja wa hesabu wa sekondari mwenye vidole virefu na maneno machache. Bendi gani ina wapiga besi watatu na mpiga ngoma hakuna? Hiyo haikuwa bendi, ulikuwa ugonjwa. Walikaa wakibishana kama nyuzi mpya ni bora kuliko zilizozoeleka, spika gani inakoroma na ipi inasema, na kama ni kweli nyuzi zilizochoka zikichemshwa hurudisha sauti. Mwalimu alizichemsha zake kwenye sufuria ya chai. Sauti ilirudi, lakini mumewe hakunywa chai ya nyumbani wiki nzima.

Walikuwa na desturi yao waliyoiita kulea. Mtu akinunua gita jipya na anaogopa kuingia nalo nyumbani, mwenzake analichukua na kulilea kwake. Akiulizwa ni la nani, anajibu kwa moyo mweupe kuwa ni la rafiki. Hivyo katika saluni lilining'inia gita la Ghorofa, kwa Mwalimu lilikuwepo la Kinyozi, na juu kule kwenye paa, nyuma ya kabati, lililala la Mwalimu. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesema ukweli.

Mwaka huo mazungumzo yakahamia kwenye kustaafu. Mwalimu alisema yeye atalala hadi saa nne asubuhi, kisha afanye mazoezi ya wimbo mmoja mpaka jua lizame, na atakayemwomba amsaidie mtoto wake hesabu atamwonyesha mlango. Kinyozi alisema kinyozi hastaafu. Mkono ukianza kutetemeka wateja ndio wanaomstaafisha. Zamu ya Ghorofa ilipofika, hakuhitaji kuwaza. Mwisho wa mwezi anarudisha funguo. Bendi moja ya harusi ilikuwa imeshamsikiliza, ikamkubali, na ilikuwa inamngoja. Kinyozi alikuwa tayari kumpa chumba kile cha nyuma akae na mkewe mpaka wapate pao. Atafungua mlango, atafungua dirisha, ataipandisha sauti ya spika mpaka vikombe vya jirani viitikie.

"Shemeji amekubali?" Mwalimu akauliza.

Ghorofa akajifanya anakaza uzi.

Ukweli ni kwamba shemeji alikuwa na neno la Ghorofa mkononi. Miaka kumi na minane nyuma, Ghorofa alinunua gita la tatu, la nyuzi tano, na kwa kuwa saluni ilikuwa imejaa alilificha nyuma ya mlango wake mwenyewe. Mkewe aliufunga mlango, akaliona. Hakugomba. Alisimama tu. Na Ghorofa, kwa kuogopa kule kunyamaza, akacheka na kusema: siku nikistaafu nitakufuata popote utakaponiambia. Ulimi hauna mfupa. Yeye aliyesema alisahau kabla gita halijarudi kwenye mfuko wake, mwenzake hakusahau. Mama yake mke alikuwa anazeeka peke yake mbali na mji, macho sasa yamekwisha kabisa, na mkewe Ghorofa, mwanawe wa pekee, alikuwa amemwambia kwamba mkwe akistaafu watakuja wote wawili, wakae.

Nyumba ile ya mama mkwe Ghorofa aliijua. Kisima kizuri, uwanja mpana, hewa ya kutosha. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia kilometa nyingi kabla ya kufika pale. Na besi bila umeme ni ubao wenye waya.

Akapiga moyo konde, akamweleza mkewe Jumapili mchana, lifti ikiwa imezimwa na mashine kimya. Alieleza vibaya. Alianza na bendi, akarukia kwenye chumba cha Kinyozi, akasema habari ya kwenda kumwona mama kila baada ya miezi miwili, akamalizia kwamba ahadi ile aliitoa kwa mzaha. Mkewe alikuwa anapinda upindo wa sketi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekaa kando ya mashine yako miaka ishirini na tisa," akasema. "Hukuniuliza kama naipenda." Akakata uzi kwa meno. "Baki basi. Mama ni mama yangu mimi. Wewe sikufungi."

Ghorofa alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Mtu akiusukuma mlango kwa nguvu zote akaukuta wazi, huanguka kifudifudi, naye alianguka. Siku mbili alipanda na kushuka akipiga mluzi, wapangaji wakidhani mzee anafurahia pensheni. Siku ya tatu aliporudi juu alikuta vyombo sakafuni, mafungu mawili. Sahani nne huku, mbili huku. Sufuria kubwa huku, ndogo huku. Mto mmoja mmoja. Na mashati yake yote yalikuwa yamekunjwa, kila moja limekazwa vifungo upya, hata lile la kazini ambalo asingelivaa tena, kwa sababu, mkewe alisema bila kumtazama, kule kwa Kinyozi nani atamshonea.

Usiku ule hakulala. Ahadi angeweza kuivunja. Wangapi wamezivunja wakanenepa. Lakini hivi vifungo angefanyaje? Mpaka mashine ilipoanza kunguruma asubuhi, alikuwa ameshaamua. Alimchukia mama mkwe kwa muda mfupi, kisha akaona aibu, maana bibi wa watu hakuwa amemkosea kitu.

Jumamosi aliyashusha magita yake saluni na kuyapanga juu ya kiti cha kunyolea. Kinyozi alifikiri ni mchezo. Ghorofa akampa lile la kwanza, la ujana wake, ambalo shingo yake ilikuwa imelainika kwa kiganja chake. Akamgeukia Mwalimu na kumkabidhi la nyuzi tano.

"Nitakulelea mpaka lini?" Mwalimu akauliza.

"Safari hii si kulea. Ni lako."

Lile lililokuwa ukutani akaomba lipelekwe kwa bendi ya harusi, pamoja na salamu, wamtafute mwingine. Hakuna aliyepiga wimbo siku hiyo. Kinyozi alimnyoa bila kuombwa, taratibu sana, akamfuta shingo mara tatu.

Aliporudi juu, mkewe alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Akamtazama mabegani, kisha nyuma yake, mlangoni.

"Magita yako wapi?"

"Nimeyagawa," Ghorofa akasema. "Yote. Tunakwenda pamoja. Niliahidi." Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo kila ngazi, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameiacha lifti nzima akapanda kwa miguu. Akasubiri mkewe acheke, au alie, au amshike mkono.

Mkewe aliiachia kamba, godoro likafumuka. Wakaketi mezani, wakitazamana.

"Haya mambo yenu ya kulea niliyajua tangu la pili. Unadhani mimi nilifikiri Kinyozi ana magita mangapi?" Hakutabasamu. "Sasa sikiliza, baba. Nilikuwa nimeshakuacha. Nililia siku mbili huku nakaza vifungo, nikamaliza, nikawa mwepesi. Ungebaki, ningekuwa na mama yangu na uwanja wangu, na ningelala. Leo umeniletea nini? Unakwenda kukaa kule mikono mitupu, na jioni za kule ni ndefu. Kila siku nitakuwa naitazama hiyo mikono, nikijua ni mimi."

Ghorofa akaiangalia mikono yake juu ya meza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinagonga ubao polepole, kimoja baada ya kingine, kama vilivyozoea. Akavikunja, akavishusha chini ya meza.