Mlio wa Lori la Rugaibula

Marehemu mume wangu, Rugaibula, aliendesha malori miaka thelathini, akisomba ndizi za Ngenge hadi Kemondo, na hakuwahi kupiga honi langoni kwake. Lori lake la mwisho alilinunua likiwa limetumika. Akamwambia fundi abadilishe kompyuta ya injini, ili likisimama lingurume kwa nguvu.

"Mama Avit anisikie tangu kona ya kanisa," alisema.

Hapo konani alishusha watu, nami nikisikia ule mlio naweka akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu chake. Hakukikuta kitupu hata siku moja.

Sasa dereva ni mwanetu Avit. Juzi aliniaga akilipeleka gereji Bukoba.

"Mama, hili lori linakunywa dizeli kuliko wajomba wanavyokunywa rubisi. Fundi atairudisha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani."

"Na mlio wa baba yako?"

Akainama. "Utafutika, mama."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia, "Haya, nenda."

Jioni nilimenya ndizi nyuma ya nyumba, sikio likiwa kanisani. Kimya. Mara Avit huyo, amesimama mbele yangu.

"Mama, leo hakuna kahawa?"

"Sikujua kuna mtu amekuja."

Alirudi langoni, akapanda lori, akapiga honi mara moja, kama mgeni. Nikanyanyuka kwenda kuleta kikapu.