Mama Bandi na Sauti za Dada Yake

Mshonaji wa mapazia wa ghorofa ya tatu wanamwita Mama Bandi, kwa sababu hapitishi kitambaa kwenye cherehani kabla hajakipiga bandi, zile nyuzi ndefu za kukishikilia kwa muda. Wateja wenye haraka hununa. Yeye, pini midomoni, huendelea.

Chini ya meza yake ya kukatia kuna kompyuta kuukuu, iliyotupwa na ofisi moja ilipohama. Aliifungua, akaipangusa vumbi, akajifunza mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka ikawa seva ya nyumba: filamu na nyimbo hutoka humo kwenda kwenye runinga na simu za familia nzima. Humo pia alihifadhi kitu ambacho hakipo kwingine kokote duniani: rekodi mia mbili na kumi na mbili za marehemu dada yake, mwalimu wa darasa la kwanza, akiwasomea wanafunzi hadithi.

Mwaka huu diski ya rekodi hizo ilijaa, kisha ikaanza kugonga kwa ndani, kama kucha juu ya bati. Mama Bandi akanunua kisanduku chenye diski mbili, akakichomeka kwenye ruta ya intaneti, kikawa hifadhi ya pamoja ya vyombo vyote vya nyumbani.

"Hamisha tu, dada," kaka yake alisema. Ni dereva wa lori. Alikuwa likizoni, ila mdomo wake ulikuwa kazini. "Kata huku, bandika kule, tuangalie mpira."

"Sikati. Nanakili. Nikimaliza nahesabu, nikishahesabu nasikiliza."

"Zote?"

"Una haraka ya kwenda wapi, bwana likizo?"

Alisikiliza zote, siku nyingi, huku akishona. Mara nyingine cherehani ilinyamaza ghafla, na kaka yake alijua asiingie. Kazi ilipokwisha, haikupita wiki, diski kuukuu ikafa. Kaka mtu akaichukua, akaitikisa sikioni, akairudisha mezani.

Jumamosi moja asubuhi akaja binti wa marehemu, muuguzi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, sauti haikumbuki. Miaka yote alipoambiwa asikilize, alijibu bado. Siku hiyo alikaa kwenye kochi na sare zake za kazi, akasema, "Leo, mama mdogo."

Umeme ulikuwa umekatika na kurudi dakika chache tu kabla. Mjomba wake, yule dereva, akawasha runinga. Orodha ilikuwa tupu, na chini yake swali: mafaili hayaonekani, yafutwe kwenye orodha?

"Zimepotea?" binti aliuliza, taratibu sana.

"Inauliza ifute," alisema mjomba, kidole tayari. "Nibonyeze ndiyo?"

"Bonyeza uone! Weka rimoti chini."

Mama Bandi hakuitazama runinga. Alipiga magoti mbele ya kisanduku, akakiwekea kiganja. Taa zilikuwa bado zinapepesa.

"Ndiyo kwanza kinaamka," alisema. "Seva imekitangulia, imekuta chumba hakijafunguliwa, ikadhani tumehama. Kosa ni langu, sikuiambia isubiri."

Akavuta kiti, akaandika agizo kwenye kompyuta: seva isifungue chochote mpaka kisanduku kiwe tayari. Kisha, kwa kuwa alikuwa hapo hapo, akaifanya folda ya rekodi kuwa ya kusoma tu, mtu asiweze kufuta kitu kutoka kwenye kochi.

"Hata mimi?" mjomba aliuliza.

"Hasa wewe."

Taa za kisanduku zilipotulia, akaiwasha seva upya, wakasubiri. Orodha ikarudi, akaishuka mpaka chini, akaiona namba: mia mbili na kumi na mbili. Binti akachagua ya kwanza.

Kwenye rekodi, kiti kilikwaruza sakafu. Watoto walikohoa. Kisha mwanamke akasema, bila hasira, "Wewe wa nyuma, toa kidole puani, tunaanza."

Mjomba alicheka mpaka akafuta macho. Binti hakucheka. Alishika koo lake mwenyewe, kama anayepima mapigo ya mgonjwa.

"Mbona kama ni mimi ninayeongea?"

"Siku zote tunaisikia sauti yake kwako," Mama Bandi alisema. "Wewe tu ndiye uliyekuwa hujui."

"Rudisha nyuma, mjomba."

Akarudisha. Kiti, vikohozi, kidole puani.

"Tena," alisema binti.