Injini ya Papa iko Lubunga, na mdogo wangu hajui alichokifanya

Naomba msitaje jina langu wala mtaa, kwa sababu mdogo wangu anafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, niliachika, naishi hapa Kisangani na Papa pamoja na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Mama alitutoka zamani. Papa amepita miaka sabini, na presha ya macho imemfanya kipofu kabisa.

Papa ana gari ya Kimarekani ya zamani, milango miwili, pua ndefu, injini kubwa ya silinda nane. Aliinunua akiwa kijana kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafunga duka na kuhama. Vita vikapita, barabara zikaharibika, gari ikabaki uani chini ya turubai, lakini Papa hakukubali ife. Hata baada ya kupofuka, kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anakaa kwenye usukani, anaiwasha, anaiacha ingurume kidogo, halafu anazima. Hapo ndipo uso wake ulikuwa unafunguka.

Mimi ndiye nilimwingiza kwenye grupu la simu la wapenda magari ya zamani. Kuna watu wa Bunia, Goma, Kampala, hata walio Ulaya. Nilikuwa namsomea, naye anajibu kwa sauti. Siku habari ilipofika kwamba kiwanda kinairudisha ile gari, kwa jina lilelile, baada ya miaka mingi, grupu zima halikulala. Mzee mmoja wa Bunia alituma sauti huku analia. Papa alinishika mkono akasema, "Donc hawakutusahau." Kwa majuma mengi hakuwa na mazungumzo mengine.

Kisha video ikatoka. Nilimwekea Papa simu sikioni. Akasikiliza muziki, akasikiliza matairi yanavyopita kwenye lami.

"Bawashe basi," akasema.

"Papa, iko inatembea. Iko ya umeme."

Akaibana simu sikioni tena. "Inatembea hivi, kama mutu anajificha?"

Grupu likagawanyika. Wazee walisema kiwanda kimechukua jina la marehemu kikampa mgeni. Vijana walisema wazee wanalilia moshi. Wakatukanana mpaka wengine wakajitoa. Nyumbani kwetu pia ilikuwa hivyo, ila bila matusi. Mdogo wangu aliipenda ile mpya kupita kiasi. Alikuwa anamwambia, "Papa, dunia iko inaenda. Hata yetu tunaweza kuitengeneza ifanane na ile." Papa alikuwa anacheka tu. Mimi nilidhani ni utani.

Mwaka huu tulifiwa na mume wa shangazi kule Isangi. Nilimpeleka Papa msibani na tukakaa huko zaidi ya mwezi. Tuliporudi, mdogo wangu alitupokea bandarini na shati safi, anatabasamu. Uani nikaikuta gari imepakwa rangi nyeusi, taa nyembamba mbele kama za ile ya kwenye video, viti vipya. Akafungua boneti. Ile injini haikuwepo. Mahali pake kulikuwa na kainjini kadogo ka Kijapani. Kabla sijasema neno alishamkalisha Papa kwenye usukani na kumwekea ufunguo mkononi.

Papa akawasha. Ikalia polepole, kama mashine ya kushona. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, haitikisiki. Mwishowe akasema, "Bon. Umetumika kazi, mutoto yangu. Aksanti." Mdogo wangu akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Jioni nilimpelekea chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Moteur yangu iko wapi?" Akaendelea, "Mama yenu alikuwa anasikia ile moteur toka kule rond-point, anaanza kupakua pondu. Nikifika, chakula iko mezani. Tangu alikufa, ile sauti tu njo ilikuwa imebaki." Kisha akanishika. "Usimuambie mudogo yako. Alifanya na roho safi. Akijua, hatajisamehe. Apa mbele yangu." Nikaapa.

Siku chache baadaye nilivuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga kwa fundi aliyefanya ile kazi. Nilikuta injini ameilaza juu ya magogo chini ya mabati, nzima. Nilimwomba airudishe. Akaniambia, "Mama, naweza kuirudisha mahali pake, kazi yenyewe ninaijua. Lakini mwenye kunipatia ni ndugu yako. Yeye mwenyewe aje aniambie, sitaki matata ya familia." Akaongeza kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja juma lijalo, na wao injini huwa wanazivunja kwa nyundo.

Papa hali chakula vizuri tena. Ameniambia niache kumsomea grupu. Ijumaa iliyopita mdogo wangu alikuja na ufunguo akamwambia, "Papa, twende tutembee." Papa akavaa kofia yake, akatabasamu, akapanda. Waliporudi aliingia chumbani moja kwa moja, akageukia ukutani.

Mdogo wangu aliweka picha kwenye grupu na wazee wakamtukana vibaya sana. Alikuja kukaa karibu nami, macho mekundu, akaniuliza mimi dada yake, "Yaya, lakini Papa alifurahi, si ndiyo?"

Nikamjibu ndiyo.

Nikivunja kiapo, nitamwumiza mdogo wangu, na Papa atajua nilimsaliti. Nikinyamaza, watakuja na nyundo zao, na kile kilichobaki cha Mama kitaisha. Ninyi mlio na wazazi na wadogo zenu, nisaidieni mawazo kabla ya juma kuisha. Niseme, au ninyamaze?