Picha Niliyoituma Kazimia

Mimi ni mtunza maktaba hapa Baraka. Mkataba tuliosaini na wenye picha za kale tunazozitunza kwenye kompyuta unasema maktaba nyingine ikiomba picha, tuipelekee nakala ya karatasi tu. Mwenzangu wa maktaba ya Kazimia aliomba picha ya marehemu baba yake Mama Riziki, mama ambaye hakuwahi kuuona uso wa mzazi huyo. Mashine yetu ya kuchapa ilikuwa mbovu. Nikamtumia picha kwa WhatsApp, nikajiona mwerevu kuliko mkataba.

Juzi mkurugenzi wangu alikuwa akimhakikishia mgeni, mjumbe wa wenye picha, kwamba mkataba tunauheshimu. Mama Riziki akaingia, ametoka Kazimia, akanishika mikono.

“Aksanti, mutoto yangu. Baba iko mu simu ya batoto bangu bote, mpaka bale benye kuikala kule Misisi.”

Nikatazama sakafu.

“Nionyeshe, mama,” mgeni akasema.