Funza kwenye Mguu wa Baba

Nzi aliyeingia nyumbani kwetu Kapseret hakutoka hai. Mama aliweka gazeti lililokunjwa juu ya friji kwa kazi hiyo tu, na ndoo za maziwa alizifunika kwa vitambaa alivyovichemsha mwenyewe. Baba alikuwa upande wa nzi. Kila siku alitoka zizini na gambuti zake za mpira zenye tope, akakatiza sebule iliyopigwa deki sasa hivi, akaingia jikoni kutafuta chai. Walizigombania zile alama za tope miaka yote ya ndoa yao, na sijui wangeongea nini bila hizo.

Kisha Baba akatokwa na kidonda mguu wa kushoto. Ana kisukari, na gambuti ilimchubua bila yeye kusikia. Akalazwa hospitalini; dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili pia. Daktari alisema vijidudu vimeshazizoea, na nyama iliyooza isipotoka, mguu utakatwa chini ya goti. Mama alirudi nyumbani, akaiosha gambuti ya kushoto, akaificha uvunguni mwa kitanda. Nilimwona, nikajifanya sijaona.

Wiki iliyofuata daktari akaja na shauri jingine: funza wa nzi, waliofugwa maabara wakiwa safi, wafungiwe kidondani. Wanakula nyama iliyokufa na kuacha iliyo hai, alisema, na sayansi imeanza kuwarudia kwa sababu dawa zinachoka.

"Daktari, hao nimepigana nao tangu niolewe," Mama akasema.

Baba alicheka mpaka kitanda kikalia. "Wacha wakuje. Hao angalau hawataniambia nivue viatu."

Mama alikubali kwa sharti moja: mtu wa kanisa asijue. Mimi nikaapa. Baba naye akaapa, haraka mno.

Jumapili akina mama wa kanisa walifika wodini na chupa za chai na ndizi, wakakizunguka kitanda. Mwenyekiti wao, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akanyoosha mkono auweke juu ya bandeji ili aombe.

"Mama mwenyekiti, hapo usiguse," Baba akasema kwa upole. "Kuna funza ndani. Wanakula."

Bandeji ikacheza kidogo, kana kwamba imetajwa. Mmoja akaiweka chini ndizi aliyokuwa anamenya. Mama alitazama dirishani kama mtu anayepima kama anaweza kupita. Mimi nilijiuma ulimi. Raha niliyoipata siku hiyo sijaitubu mpaka leo.

Mwenyekiti hakuurudisha mkono. Aliuacha hewani, akafumba macho. "Baba Mungu, hata hawa ni viumbe wako. Wape hamu ya kula. Wasishibe mapema."

"Amina," tukaitika, na Amina ya Mama ilisikika mpaka wodi ya pili. Hapo ndipo nilipojua alivyokuwa na hofu.

Walikula vizuri. Bandeji ilipofunguliwa, kidonda kilikuwa chekundu na safi. Mama alikikagua kama anavyokagua sufuria nilizoosha mimi, asipate doa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nimemaliza kupiga deki Baba alipotoka zizini, akakatiza sebule, akaingia jikoni. Gambuti ya uvunguni alikuwa ameitafuta mwenyewe. Mama aliziangalia alama za tope, ya kulia, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto. Nikachukua tambara.

"Wacha kwanza," akaniambia. "Zikae kidogo."