Niliwasha Injini ya Marehemu

Aibu niliyoipata kwenye arobaini ya Mzee Salehe, mama mkwe wangu haijui hadi leo, ila nyie ni watu wangu, chekeni tu, nitavumilia.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa huyo mzee, Kariakoo upande wa Msimbazi, Mchagga peke yangu nyumba nzima, na ugonjwa wangu (sijapona mpaka leo) ulikuwa kukusanya injini ndogo za mvuke za zamani, zile za kukaa juu ya meza, unawasha spiriti chini ya boila na gurudumu linazunguka. Nilikuwa nazo tatu chini ya kitanda, mbovu zote. Ya mzee ilikuwa nzima, ya shaba, ameitunza tangu ujana wake karakana ya reli, na kila nikimwomba niiwashe anajibu, "Nikifa, Elia."

Basi akafa. Siku ya arobaini shemeji yake, Bwana Kombo, akanikabidhi: "Aliusia uichukue wewe." Ningeipeleka chumbani yangeishia hapo, lakini roho iliniwasha, nikajiambia wanaume wako ukumbini wanasoma hitma, wanawake wanapika nyumba ya pili, huku uani nani atasikia kitu kidogo kama birika? Nikatia maji, nikamimina spiriti yangu ya mwisho (siku zile ilitafutwa kama sukari), nikapiga kiberiti.

Gurudumu likaanza polepole. Nikagusa kikoki cha juu nione kazi yake. Mungu wangu! Filimbi ikalia, nyembamba, ndefu, kama mtu anaita, na kikoki kikakwama! Ukumbini Yasini ikakatika. Nikapuliza moto ukazimika, filimbi inaendelea, gurudumu linazunguka, jamani nywele zilinisimama (ni mvuke uliobaki, najua, lakini saa ile akili hiyo ningeitoa wapi).

Hapo mjane, Bi Mwajuma, akafungua mlango wake. Alikuwa kwenye eda, siku zote hizo hajaonwa na mwanamume asiye ndugu, na sasa anakatiza ukumbini katikati ya mashehe kuja uani, shuka jeupe, kikombe cha chai kinafuka mkononi, uso umetulia kabisa.

"Nimesikia, Salehe," akasema. "Leo umechelewa."

Mashehe wamegeukia ukutani, Kombo anamkimbilia nyuma, ananifokea mimi, "Umefanya nini wewe? Ndivyo alivyokuwa akimwita alete chai, kila siku saa kumi!" Ningejuaje? Saa kumi niko kazini, Jumapili nashinda kwa dada Magomeni. Nilipiga magoti pale, vidole vimeungua, nikitamani ardhi inimeze. (Tangu mazishi, niliambiwa baadaye, saa hiyo Bi Mwajuma alikuwa anaagiza vikombe viwili.)

Filimbi ikafifia, ikakata. Akanitazama, uso ukambadilika.

"Kumbe ni wewe, Elia."

"Nisamehe, mama."

Akanipa kile kikombe. "Kunywa, kisipoe. Na kesho uiwashe tena, baba."

"Haiwashwi tena humu!" Kombo akasema, na mimi kwa aibu nikaapa mbele ya watu wote kwamba sitaiwasha maisha yangu, na kiapo nimekitunza. Lakini miezi ile iliyobaki ya eda, siku nikiwa nyumbani, ikifika saa kumi nilikuwa nasikia komeo la mlango wake likifunguliwa, kimya kidogo, halafu linafungwa.