Gauni Lililokwama Ndani ya Printa

Mama Mkasi ameshona sare za shule mpaka ukimwamsha usingizini atakutajia kipimo cha kola ya darasa la tatu. Mkono wake mwepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Lakini gauni la harusi hakuwahi kupewa, mpaka alipojitokeza bibi harusi mmoja mwenye haraka zake. "Mama, kesho alasiri nikija nikute kitambaa kinakatwa. Nisipokuta, naenda duka la mjini. Tusilaumiane."

Basi kesho yake sebule ilichangamka tangu asubuhi. Satini nyeupe imejitandaza mezani kama bibi mwenye nyumba, mkasi umenolewa, na pateni ya gauni, ile ramani ya kukatia, iko kwenye simu. Kilichobaki ni kuiprinti, kuunga karatasi kwa selotepu, kukata. Akabonyeza. Simu ikamjibu: printa haipatikani.

"Haipatikani vipi na mimi naitazama?" aliiuliza simu.

Mumewe, dereva wa lori mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Kapteni, alikuwa ameshainuka. Mashine ikiumwa, yeye husikia harufu. "Sogea, mama. Hii saizi yangu." Akaizima, akaiwasha. Akakagua karatasi, akakagua wino. Akaipiga kofi la mgongo, la upole, kama anayemwamsha abiria. Printa ikakoroma, ikameza mate, ikanyamaza.

"Itakuwa betri," alisema.

"Mzee, printa ina betri?"

"Nilikuwa nakupima."

Mama Mkasi hakuwa na muda wa mitihani. Uzi ukikatika, fundi hapigi cherehani. Anaufuata uzi toka kwenye kidonge chake hadi kwenye sindano. Akaufuata. Ruta iko kabatini, taa zake zinacheka. Simu ina intaneti, hata umbea wa dada zake unaingia. Basi uzi umekatikia kati ya ruta na printa. Akainamia kiskrini cha printa, kidogo kama kiberiti, akasoma: paswedi si sahihi.

Akageuka taratibu. "Baba, juzi ulipochukua simu yangu ukasema unaipangusa vumbi, ulifanya nini?"

Kapteni akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Vijana wa nyumba ya pili walikuwa wameugeuza ukuta wake kijiwe cha waifai ya bure, naye akawakomesha kwa paswedi mpya. Akaiingiza kwenye simu zote kwa mkono wake, kimyakimya, siri isivuje. Printa akaisahau. Kafungia nje wezi pamoja na wa nyumbani.

"Haya, itaje."

"Nipishe, naingiza mwenyewe."

"Kwa macho gani, na kiskrini hiki cha kiberiti?"

Kapteni akasogea pembeni. Akatazama dirishani. "Andika 'dereva'."

"Halafu?"

"'Bora'."

"Halafu?"

"'Kuliko'."

"Kuliko nani?"

"'Shemeji'."

Shemeji ndiye kaka yake Mama Mkasi, dereva wa basi. Mama alicheka mpaka akakalia satini pale mezani, akaruka kama kakalia makaa. Akaingiza herufi mojamoja, huku machozi yakimtoka. Taa ya buluu ikapepesa, ikapepesa, ikatulia.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaifukuzia. Kapteni akazipokea kwa mikono miwili kama mkunga wa mapacha, mluzi mdomoni. Mama akaweka futi juu ya kile kimraba cha kupimia kilichochorwa pembeni. Kinatakiwa sentimita tano. Hakikufika.

"Simamisha. Simu imebana mchoro uenee kwenye karatasi. Nikikata hivi, namvika mwanasesere."

Akachagua ukubwa halisi, akaanza upya. Safari hii tano kamili, bila ubishi.

Wakaunga karatasi sakafuni, magoti kwa magoti, wakigombea selotepu kama watoto: kifua, mgongo, mikono, ile sketi ndefu iliyofika hadi chini ya kochi. Mlango ulipogongwa, Kapteni ndiye aliyefungua, kidole mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Ila pole pole, fundi yuko kazini."

Mkasi ulikuwa umeshauma satini. Bibi harusi alisimama akisikiliza ule mlio, kisha akavua viatu, akaweka pochi chini, akaketi.